Sanduku la dawa la mfugaji mpya wa mbuzi: anza na kipimajoto

Nauza dawa za mifugo Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, na nyumbani nafuga mbuzi, wengi wao chotara wa Boer na wa kienyeji. Mfugaji mpya namjua kwa namna anavyoingia dukani. Anakuja mbuzi akiwa ameshalala chini, na neno lake ni moja: “Mama, nipe sindano ya mbuzi.” Nami nauliza: Ana joto kiasi gani? Ana uzito gani? Anacheua? Kinyesi chake kikoje? Dawa ya minyoo alikunywa lini? Hapo mtu ananyamaza. Anajua bei aliyomnunulia, anajua na mnada aliotoka, ila mbuzi mwenyewe bado hajamjua.

Ndiyo maana nikiulizwa sanduku la dawa liwe na nini, sianzi na chupa. Naanza na vitu vya kupimia. Chupa utaikuta dukani asubuhi. Joto la mbuzi wako saa nane usiku hakuna wa kukupimia, na daktari utakayempigia hawezi kukusaidia kama huna la kumwambia zaidi ya “amenyong'onyea tu”.

Vya kupimia

Kipimajoto cha dijitali kinachouzwa duka la dawa za binadamu kinatosha. Kifunge uzi, na mwisho wa uzi weka kibanio cha nguo ukibane kwenye manyoya ya ubavuni karibu na mkia, maana mbuzi akiruka kipimajoto hudondoka na kukanyagwa. Paka ncha yake mafuta ya kula. Mtu mmoja amshike mbuzi shingoni, wewe inua mkia, ingiza polepole kwenye njia ya haja kubwa, kisha kielekeze pembeni kidogo ili ncha iguse ukuta wa utumbo. Ikizama katikati ya kinyesi utasoma joto la kinyesi. Subiri kilie.

Mbuzi mzima huwa kati ya nyuzi 38.5 na 39.5. Mchana wa Oktoba akitoka malishoni anaweza kufika 40 bila kuumwa chochote, kwa hiyo mwache kivulini apumzike umpime tena. Ukiona 41 hiyo ni homa. Na mbuzi aliyelala, masikio ya baridi, akasoma chini ya 38, huyo ana hali mbaya kuliko mwenye homa; mpigie afisa mifugo saa hiyohiyo.

Wiki ya kwanza mbuzi wakiwa wazima, wapime asubuhi na jioni na uandike kwenye daftari. Mkono wako utazoea, mbuzi nao watazoea, na siku mmoja akiugua utakuwa na cha kulinganisha.

Kifaa cha pili ni futi ya fundi cherehani. Dawa karibu zote hutolewa kwa uzito, na mzani wa mbuzi wachache wanao. Zungusha futi kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, upate mzingo kwa sentimita. Kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, halafu gawa kwa 10,840. Mbuzi wa mzingo wa 70 na urefu wa 62 anakuja kama kilo 28. Wengi wakimtazama kwa macho watamwita wa kilo 40, na hapo ndipo sindano inapozidi. Wengine humwita wa kilo 20, dawa ya minyoo ikapungua, minyoo wakabaki hai na kuizoea.

Saa ya simu yako itahesabu pumzi: mbavu zipande na kushuka mara 15 hadi 30 kwa dakika akiwa ametulia. Mapigo ya moyo, ukiweka vidole nyuma ya kiwiko cha kushoto, ni 70 hadi 90. Kisha kunja ngumi uisukume kwenye lile bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, na usubiri. Tumbo kubwa la mbuzi mzima litakusukuma mara moja au mbili kila dakika. Likikaa kimya kabisa, tatizo lipo, hata kama anasimama vizuri.

Ongeza tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru, daftari na kalamu. Namba ya afisa mifugo wa kata na ya daktari mwingine wa akiba ziandike kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha sanduku. Simu inaweza kuzimika, na anayekuwepo nyumbani siku hiyo huenda si wewe.

Jicho kabla ya dawa ya minyoo

Kuna minyoo wanaokaa kwenye tumbo la nne la mbuzi na kunyonya damu. Hao ndio wanaoua sana baada ya mvua, na mara nyingi mbuzi haharishi; anakufa akiwa amepungukiwa damu. Madaktari wa Afrika Kusini walitengeneza kadi iitwayo FAMACHA, yenye rangi tano za ngozi ya ndani ya kope, kutoka nyekundu hadi nyeupe. Ukiipata, nunua. Usipoipata, jifunze kwa macho. Kwa kidole gumba kimoja funga jicho kutoka juu, sukuma kidogo, kisha vuta kope ya chini kwa kidole gumba kingine na utazame rangi ya utando wa ndani, nje kwenye mwanga wa jua. Nyekundu au waridi iliyokolea, mwache. Imeanza kupauka, mfuatilie, na kama ananyonyesha au amekonda mpe dawa. Nyeupe kama karatasi, mpe dawa leo na mwite afisa. Ukiona na uvimbe laini chini ya taya, mambo yameshafika mbali.

Sandukuni weka chupa moja ya dawa ya minyoo, mimi huanza na albendazoli, na bomba la kunyweshea lenye alama za mililita. Jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba usimpe albendazoli, inaweza kuharibu mimba au kuzaa kilema. Lebo nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kondoo, na mwili wa mbuzi huitoa dawa haraka zaidi, hivyo muulize afisa mifugo kipimo cha mbuzi kabla ya kumimina. Levamisoli nayo ni nzuri, ila kwa mbuzi nafasi kati ya kipimo cha kuponya na cha kudhuru ni ndogo; bila uzito wa kweli usiiguse. Na usinyweshe zizi zima kila mwezi kwa mazoea. Mnyweshe anayehitaji.

Tumbo kujaa

Hili nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linalokunyima muda wa kwenda popote.

Mvua za kwanza zikinyesha, majani laini na mikunde ikachipua, mbuzi wenye njaa ya kiangazi huvimba ubavu wa kushoto. Ukigonga unasikia ngoma. Anapiga teke tumbo lake, anasaga meno, anapumua kwa shida. Kwa hili sandukuni iwepo lita moja ya mafuta ya kula ambayo jikoni hawaigusi. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu ya kilima au kizingiti, ili gesi ipate njia ya kupanda. Mnyweshe mililita 100 hadi 150 za mafuta kwa mbuzi mkubwa. Kisha mpitishie kijiti kinene mdomoni kwa upana, kifungwe nyuma ya pembe, atafune na kutoa mate huku ukimkanda ubavu wa kushoto kwa viganja na kumtembeza. Gesi ikitoka utaisikia na utainusa.

Namna ya kunywesha ina umuhimu kuliko mafuta yenyewe. Kichwa kikae usawa wa mgongo, pua isielekee mbinguni. Ingiza bomba kwenye pembe ya mdomo, pale pasipo na meno, toa kidogo, subiri ameze, toa tena. Akikohoa, acha, mshushe kichwa. Mafuta yakiingia mapafuni umemtibu tumbo na kumuua kwa kifua. Mbuzi asiyeweza kumeza usimnyweshe kitu.

Ikiwa ubavu umepanda juu ya mstari wa uti wa mgongo na ulimi unaanza kuwa wa bluu, anahitaji kutobolewa. Chombo chake kinaitwa trokari na mahali pake ni ubavu wa kushoto, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga. Mwombe afisa mifugo akuonyeshe kwa kidole kwenye mbuzi mzima, siku ambayo hakuna haraka.

Shida nyingine ya tumbo ni nafaka. Kibaigwa mahindi yako kila kona, soko letu ndilo linajulikana kwa hilo, na mbuzi akiingia stoo ya mahindi au gunia la pumba hula hadi tumbo linageuka tindikali. Hapo mafuta hayasaidii sana. Tumia bekingi soda, isiwe bekingi pauda: vijiko viwili vya chakula kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu kwa mbuzi wa kilo 30. Mwondolee nafaka yote, mpe majani makavu, na piga simu. Akiwa anayumba au ameanza kuharisha maji yenye harufu ya uchachu, usingoje kupambazuke.

Na mtama. Huku Dodoma tukishavuna, visiki vya mtama huchipua tena mvua ikinyesha. Machipukizi hayo mafupi, au mtama mchanga ulionyauka kwa jua, yana sumu ya sianidi inayoua kwa dakika. Tiba yake hupigwa kwenye mshipa na daktari, na mara nyingi hafiki kwa wakati. Kwa sumu hii kitu cha kununua ni waya au miiba ya uzio.

Kwa kuharisha, hasa vitoto, weka pakiti za ORS za binadamu. Zikikuishia, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpe kidogo kidogo mara nyingi, na usimnyang'anye maziwa ya mama yake.

Usiku wa kuzaa

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Andika tarehe aliyopandwa, kisha wiki mbili kabla ya siku zake weka mfuko wa peke yake ndani ya sanduku: taulo mbili kuukuu zilizofuliwa, glavu ndefu, sabuni ya kipande, mafuta safi ya kulainisha, iodini, chupa ya mtoto yenye chuchu, na chupa ya plastiki ya kujaza maji moto.

Kawaida hutangulia miguu miwili ya mbele na pua imelala juu yake. Ukiona hivyo, kaa mbali utazame. Jike akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima bila kitu kusogea, au ukaona mkia, au mguu mmoja peke yake, au kichwa bila miguu, piga simu wakati huohuo unanawa mikono. Kuvuta kitoto ambacho hujajua kimekaaje kunapasua mfuko wa uzazi.

Kikitoka, futa pua na mdomo, kisugue kwa taulo kwa nguvu, kisha mweke mama akirambe. Kitovu kichovye chote kwenye iodini. Kumwagia tone juu hakutoshi. Weka iodini kwenye kifuniko cha chupa, kiinamishe kitoto kitovu kizame, kibane kifuniko tumboni na uhesabu hadi kumi. Iodini iliyobaki kifunikoni imwage.

Dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, inywewe mapema. Kitoto cha kilo mbili na nusu kinahitaji karibu mililita 250 siku ya kwanza, na nusu yake iwe imeingia ndani ya saa sita. Kabla ya kunyonyesha, bonyeza kila chuchu itoe ule utandu unaoziba. Ukipata jike mwenye dang'a nyingi, kamua kidogo uigandishe kwa ajili ya yatima wa baadaye, na siku ya kuitumia iyeyushe kwa maji ya uvuguvugu, usiichemshe.

Kitoto kilichopoa wengi humwagia maziwa mdomoni, na hapo ndipo kinapokufa. Ingiza kidole mdomoni mwake. Ukikuta baridi na hanyonyi kidole, pima joto. Chini ya 37, kwanza kikaushe, kizungushie chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, kiwe na joto ndipo kinywe.

Kondo la nyuma hutoka ndani ya saa 12. Usilivute. Likipitiliza, ni kazi ya daktari.

Vidonda na kwato

Hapa ni haraka. Maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita iliyochemshwa, huosha kidonda vizuri kuliko dawa kali zinazochoma nyama. Kisha iodini iliyopunguzwa nguvu kwa maji au GV. Dawa ya kupulizia ya kufukuza nzi ni ya lazima wakati wa mvua, kwa sababu mafunza huingia kidonda cha jana. Pamba, bendeji, mkasi, kibanio cha kuondoa miiba. Kwa kwato, mkasi wake na mrututu (chumvi ya shaba) wa asilimia tano, yaani gramu 50 kwa lita, mbuzi akisimama ndani dakika chache. Ukifuga na kondoo, hakikisha hawanywi maji hayo. Kondoo hufa kwa shaba upesi.

Sindano ya kuweka na ya kuacha dukani

Dawa moja ya sindano naikubali nyumbani kwa mfugaji mpya: oksitetrasaiklini ya asilimia 20, antibiotiki tunayoiita OTC. Sababu ni kupe. Chotara wa Boer akiletwa sehemu yenye kupe wenye madoa ya rangi anaweza kupata ugonjwa wa maji moyo. Leo ana homa ya 41, kesho anatembea akiinua miguu juu kupita kiasi, kisha anaanguka na kupiga mateke. Dawa hufanya kazi mwanzoni, kabla ya kuanguka. Kipimo cha kawaida kwenye lebo ni mililita moja kwa kilo 10, ndani ya msuli wa shingo. Usipige kwenye paja la nyuma, kuna mshipa wa fahamu unaolemaza mguu. Lakini piga simu kwanza, eleza joto, uzito na dalili, upewe ruhusa. Nisingependa uipige kwa kila kikohozi. Usugu wa vimelea nauona dukani: watu wanarudi wakisema dawa ile ile haifanyi kazi.

Nunua sindano namba 18 kwa wakubwa na 20 kwa vitoto, mabomba ya mililita 5, 10 na 20, na chombo kigumu cha kutupia zilizotumika. Mbuzi mmoja, sindano moja. Kagua chupa: usajili wa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), tarehe ya kuisha, kizibo kisichoguswa. OTC iliyokaa juani hugeuka kahawia nzito; ukiiona hivyo, hata kwangu, ikatae. Andika pia siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, zimo kwenye lebo.

Chanjo hazikai sandukuni, zinataka nyuzi 2 hadi 8. Ila tarehe zake ziwe kwenye daftari. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa kaskazini mwa nchi yetu mwaka 2008, haina dawa ya kuiponya, na chanjo yake hulinda miaka mitatu. Homa ya mapafu ya mbuzi huchanjwa kila mwaka. Na mbuzi wa mnadani mtenge siku 30 kabla ya kumchanganya. Kwa hiyo kamba na kizuizi cha banda la pembeni ni vifaa vya dharura pia.

Dawa ya mbwa

Watu hushangaa nikiwaongezea dawa ya minyoo ya mbwa. Kongwa tuna mbuzi wanaozunguka upande mmoja, wanagonga ukuta, Wamasai wanauita ormilo. Ni lundo la maji lenye vichwa vya tegu, limekaa ndani ya ubongo, na mayai yake yametoka kwenye kinyesi cha mbwa. Kwa mbuzi mwenyewe ukishafika hapo hakuna cha kufanya cha maana. Kwa mbwa ipo: prazikwanteli kila baada ya miezi mitatu, na kichwa cha mbuzi aliyekufa kisitupwe kwa mbwa, kichomwe au kifukiwe kirefu.

Glavu

Nunua boksi zima. Mimba ikitoka, usishike kwa mikono mitupu. Magonjwa ya brusela na homa ya Bonde la Ufa humpata mtu kwa damu na maji ya uzazi, na mlipuko wa homa hiyo wa 2007 uliikumba Dodoma vibaya, watu walikufa. Mbuzi aliyekufa ghafla akitokwa damu isiyoganda puani au nyuma, usimchune, usimfungue. Inaweza kuwa kimeta. Mfunike, zuia mbwa, mwite afisa.

Mahali pa kuweka, na mtu wa kuachia

Sanduku liwe la plastiki lenye kifuniko, mahali penye kivuli, juu ya mikono ya watoto. Asiye na friji aweke OTC kwenye mtungi uliozungukwa na mchanga unaomwagiwa maji, gizani. Mwanzo wa kila mwezi fungua lote, soma tarehe, washa kipimajoto, na kilichotumika kirudishe.

Wengi mnaoninunulia mko Dar es Salaam au Dodoma mjini, mbuzi wako huku na mchungaji. Sanduku ni la kwake. Mwonyeshe kipimajoto kwa vitendo hadi akisome mwenyewe, mpime pamoja mbuzi wachache kwa futi, mwandikie nyuzi 38.5, 39.5 na 41 kwa herufi kubwa kwenye kifuniko. Mpe ruhusa ya kumwita afisa bila kukusubiri, na pesa ya nauli ya bodaboda ya afisa iwe mkononi mwake. Na kila mwezi mtumie vocha, salio lisiishe.